Kadi ya mkopo, kadi ya benki au taslimu: ulipe kwa njia gani ndani ya meli ya kitalii?

Watu wakiulizana kuhusu safari ya meli ya kitalii, cha kwanza huwa bei ya tiketi. Swali linalouma zaidi wengi hukutana nalo wakiwa wamesharudi nyumbani: ulichotumia humo ndani kimekatwa wapi, na kwa utaratibu gani? Noti mkononi karibu hazina kazi melini. Unapopanda unapewa kadi. Kwenye meli za Carnival inaitwa Sail & Sign, kwa Royal Caribbean ni SeaPass, na Princess wanakupa kidude cha duara cha kuvaa kiitwacho Medallion. Hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo inayosomwa getini ukishuka na kupanda, na ndiyo pochi yako. Soda, picha, saluni, michezo ya watoto, vyote ni kugusisha tu na kuondoka. Deni linaandikwa kwenye akaunti ya chumba, na nyuma ya akaunti hiyo lazima uwe umeweka kitu: kadi ya mkopo, kadi ya benki, au taslimu uliyoikabidhi mapokezi.

Nimepanda meli mara tatu kutoka Galveston, Texas, na familia yangu, na kila safari tulilipa kwa njia tofauti. Kwa hiyo nitazipanga njia hizo pamoja uzione, lakini nakwambia mapema msimamo wangu: kadi ya benki iwe chaguo la mwisho kabisa. Ikiwa huna kadi ya mkopo, weka taslimu.

Kadi ya benki: kinachozuiliwa ni pesa ya kodi ya nyumba

Nasema kadi ya benki nikimaanisha ile ya kawaida, inayokata moja kwa moja kwenye akaunti unakoingiziwa mshahara. Mezani wakati wa kupanda inapokelewa sawasawa na kadi ya mkopo, na huoni tofauti yoyote. Tofauti iko nyuma ya pazia.

Meli haisubiri mwisho wa safari ndipo iulize kama una pesa. Nyingi huomba benki izuie kiasi fulani tangu siku ya kwanza, kisha huomba tena na tena kadiri matumizi yanavyopanda. Pesa hizo hazijatoka kwenye akaunti yako, ila huwezi kuzigusa. Safari ikiisha, meli inatuma bili moja ya jumla na benki inailipa. Sasa ndipo penye kasheshe: vile vizuizi vya mwanzo haviondoki saa ileile. Vinaweza kukaa siku kadhaa, na kwa baadhi ya benki hata zaidi ya wiki. Katika siku hizo dola ileile imehesabiwa mara mbili, mara moja imelipwa na mara ya pili imefungiwa.

Kwenye safari yetu ya kwanza hatukuwa na kadi ya mkopo yenye kikomo cha kutosha, tukaweka ya benki. Tulishuka Jumapili tarehe 30. Bili yetu ilikuwa dola 871, tulikuwa tumeipangia, na ilikatwa vizuri. Tarehe mosi kodi ya nyumba, dola 1,450, ikajaribu kutoka ikarudi. Nikafungua akaunti kwenye simu nikakuta dola 640 zimeandikwa "zinasubiri", na jina la meli pembeni. Nikapiga simu benki. Dada aliyepokea akanieleza kwa upole kwamba meli imeshapata pesa yake, na zile nyingine zitajiachia zenyewe baada ya siku chache. Zilijiachia Ijumaa. Mwenye nyumba alishatutoza dola 75 za kuchelewa, na benki ikaongeza 35 za malipo kurudi. Hakuna aliyetuibia, na kila mmoja alifuata taratibu zake. Ila dola 110 zilitutoka kwa sababu tu hakuna mtu aliyetuambia kwamba pesa ya kuzuiliwa na pesa ya kulipwa ni vitu viwili.

Kama ni lazima utumie kadi ya benki, fungua akaunti ya pembeni isiyo na malipo mengine, weka humo mara mbili ya unachotarajia kutumia, na tumia kadi ya akaunti hiyo tu. Na mwezi huo usipange safari inayoishia karibu na tarehe ya kodi.

Kadi ya mkopo: salama zaidi, lakini uzito wake hauhisiki

Vizuizi vilevile vipo kwenye kadi ya mkopo, isipokuwa vinakula kikomo chako cha mkopo, si mshahara wako. Ukiwa na kikomo cha dola 5,000 na meli imezuia 800, maisha yanaendelea na kodi inalipwa.

Faida ya pili ni ulinzi. Marekani kuna sheria ya mwaka 1974 inayokupa haki ya kupinga kosa kwenye bili ya kadi ya mkopo, ukiandika ndani ya siku 60 tangu utumiwe bili yenye kosa hilo. Uingereza nako kuna kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja, ya mwaka huohuo 1974, kinachoibana kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Kwa hiyo aliye Uingereza, hata kama melini atatumia njia nyingine, tiketi yenyewe ni vizuri ailipe kwa kadi ya mkopo. Kadi ya benki ina njia zake za kulalamika, lakini unalalamika pesa ikiwa imeshatoka. Kwenye kadi ya mkopo unabishana ikiwa bado haijatoka mfukoni mwako, na hilo peke yake linabadilisha mazungumzo.

Ubaya wake unajulikana. Kugusisha hakuumi. Mashine ikishalia umeshahudumiwa, na jumla ya siku huioni mpaka uitafute mwenyewe. Usipoilipa yote bili ikifika, riba ya kadi nyingi za Marekani ni zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, na hapo likizo ya Desemba utaikuta bado unailipa Pasaka. Mimi kadi ya mkopo naipendekeza kwa mtu ambaye pesa ya matumizi ameshaiweka kando kabla hajapanda. Anayetegemea mshahara ujao, bora taslimu.

Taslimu: nidhamu ya kweli, na mtego wa bakshishi

Meli nyingi za Marekani zinakubali ufungue akaunti ya chumba kwa pesa taslimu. Unakwenda mapokezi siku ya kwanza, unakabidhi noti, wanakuandikia. Kiasi hicho kikiisha, kadi ya chumba inagoma kununua mpaka uongeze. Inayobaki unarudishiwa mwishoni. Hakuna kizuizi benki wala riba, na hakuna kushtuka ukifika nyumbani. Safari yetu ya pili tulifanya hivi, na kwa mara ya kwanza nilijua kila jioni tumebakiwa na ngapi.

Ila kuna jambo ambalo hatukulihesabu. Meli inakata bakshishi ya wafanyakazi kila siku, moja kwa moja, kwa kila kichwa, watoto wakiwemo. Kwenye kampuni kubwa za Marekani ni kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku kwa vyumba vya kawaida. Sasa piga hesabu. Tuseme dola 17, na sisi tuko wanne: dola 68 kwa siku. Tuliweka dola 300 tukidhani ni za soda na picha. Siku ya nne bakshishi peke yake imeshakula 272, na mtoto yuko kaunta ya aiskrimu ya kulipia, kadi inakataa. Kwa safari ya siku saba bakshishi ya familia kama yetu ni dola 476, na hizo ukizitoa kwenye taslimu ya melini zitavuruga bajeti yote.

Dawa yake ni kulipa bakshishi kabla ya safari, pamoja na tiketi. Ukishafanya hivyo, taslimu unayoweka mapokezi inabaki kuwa ya starehe tu, na hapo njia hii inafanya kazi vizuri sana. Kasoro nyingine ni foleni. Kuongeza pesa kunamaanisha kusimama mapokezi, na asubuhi ya mwisho, unapotaka chenji yako, nusu ya meli iko pale. Nenda usiku wa jana yake, baada ya chakula, ukiwa umeamua hununui tena kitu.

Usipange kutoa pesa kwenye mashine ya ATM ya melini. Ipo, lakini ada yake ni kubwa kuliko ya mjini, na benki yako nayo inaweza kuongeza yake. Toka na noti nyumbani, hasa za dola moja na tano. Utazihitaji kwa wapagazi wa bandarini, kwa anayekuletea chakula chumbani, na kwa teksi na soko utakaposhuka. Cozumel, kisiwa cha Mexico, kwa mfano, dola zinapokelewa karibu kila duka la watalii, lakini ukitoa noti kubwa chenji utarudishiwa kwa peso, kwa bei ya muuzaji.

Salio la zawadi

Kuna njia ya nne ambayo ni msaidizi tu: salio ambalo meli au wakala wa tiketi anakupa bure kukuvutia, na kadi za zawadi zinazouzwa madukani Marekani. Salio la bure mara nyingi haligeuki pesa. Usipolitumia hadi usiku wa mwisho, limepotea, ndiyo maana utaona watu saa nne usiku wanagombania fulana dukani. Kama una salio la namna hiyo, geuza ushauri wangu wa juu: usilipe bakshishi mapema. Iache ikatwe melini kila siku, ilitafune salio ambalo vinginevyo lingepotea. Kwenye meli nyingi inakubalika, lakini uliza wakala wako kabla.

Sarafu: hapa walioko nyumbani Afrika Mashariki na Ulaya wasome taratibu

Meli nyingi za kampuni za Marekani zinahesabu kwa dola hata zikiwa mbali na Marekani. MSC na Costa zikiwa Mediterania zinahesabu kwa yuro. P&O Cruises ya Uingereza inatumia pauni, na hawa wana jambo jingine zuri: tangu mwaka 2019 hawakati bakshishi ya kila siku, imo kwenye bei.

Ukitumia kadi ya sarafu nyingine, benki nyingi hukata hadi asilimia 3 juu ya kila malipo. Zipo kadi zisizo na ada hiyo, na kwa safari ya yuro ukiwa unaishi Marekani inafaa kuomba moja mapema. Jambo la kukataa ni pale meli inapojitolea kukubadilishia yenyewe, ili bili isomeke kwa sarafu ya nyumbani kwako. Inaonekana kama msaada, lakini kiwango kinawekwa na wao na faida yao imo ndani. Baadhi ya meli hufanya hivyo bila kukuuliza, kwa hiyo siku ya kwanza pita mapokezi useme unataka kutozwa kwa sarafu ya meli.

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa na kadi ya Visa ya benki ya huko, kila dola ya melini inageuzwa kutoka shilingi kwa kiwango cha benki. Kama una akaunti ya dola, chukua kadi ya akaunti hiyo. Na kabla hujaondoka nenda tawini uwaambie unasafiri, na uulize kikomo cha matumizi ya nje kwa siku. Kadi ikigoma katikati ya bahari, huna tawi la kukimbilia.

Ulipe kabla au ulipe melini?

Intaneti nunua kabla. Carnival na Royal Caribbean wote huuza bando kwa bei nafuu mtandaoni kabla ya safari kuliko ukishapanda. Na ukipanda tu, weka simu kwenye hali ya ndege. Meli ina mtandao wake wa simu wa setilaiti, na simu yako ikijiunga nao, bili itakujia kutoka kwa kampuni yako ya simu, nje kabisa ya hesabu za meli.

Vifurushi vya vinywaji vinahitaji hesabu. Cha pombe ni dola 60 au zaidi kwa mtu kwa siku, na kwa Carnival na Royal Caribbean, mtu mzima mmoja akikinunua, watu wazima wengine wa chumba hicho nao wanapaswa kununua. Kwa mume anayekunywa bia mbili na mke asiyekunywa kabisa, hiyo ni hasara ya wazi, lipeni kwa glasi. Wasiokunywa pombe, wakiwemo Waislamu wengi, wanaweza kutumia kifurushi cha soda, ambacho ni rahisi zaidi, au wasinunue chochote: maji, chai na kahawa ya kawaida ni bure. Mimi na mume wangu hatukununua kifurushi chochote safari ya tatu, na ndiyo iliyotugharimu kidogo kuliko zote.

Ukilipa kwa glasi, isome risiti. Nimeitunza moja: kinywaji cha matunda dola 8.00, chini yake huduma asilimia 18, dola 1.44, jumla 9.44. Kisha chini kabisa kuna mstari mtupu wa kuandika bakshishi ya ziada. Mgeni anauona mstari ule anadhani hajatoa kitu, anaandika dola mbili. Kashalipa mara ya pili. Kama umependezwa na mhudumu, andika, ni halali yake na kazi yao ni ngumu. Ila uandike ukijua. Na mkiondokea Galveston, vinywaji vinavyonunuliwa meli ikiwa ingali bandarini vinaongezwa kodi ya Texas. Subiri kidogo hadi meli itoke.

Matembezi ya bandarini yana mizani yake. Ya meli ni ghali, lakini mkichelewa kwa kawaida meli inawasubiri. Ya wenyeji ni nafuu, taslimu, na saa ni juu yako.

Watoto na mapokezi

Kadi ya mtoto inanunua kama ya mtu mzima mpaka useme isinunue. Mwanangu wa miaka kumi alitumia dola 46 mchana mmoja kwenye chumba cha michezo, kwa nia njema kabisa, kwa sababu mashine haikumuuliza kitu. Mapokezi walifunga manunuzi kwenye kadi yake kwa dakika mbili, ufunguo wa chumba ukaendelea kufanya kazi. Unaweza pia kuomba kikomo cha siku badala ya kufunga kabisa.

Bili iangalie kila jioni, kwenye programu ya simu ya meli au kwenye runinga ya chumbani. Usingoje ya mwisho. Safari yetu ya tatu mume wangu aliona usiku wa tano seti ya picha ambayo hatukuichukua. Mapokezi hakukuwa na foleni, ikafutwa papo hapo. Kosa hilohilo ukiligundua asubuhi ya kushuka, utalifuatia kwenye foleni huku jina la kundi lako linaitwa.

Ningechagua hivi

Mwenye kadi ya mkopo na pesa yake iko tayari: atumie kadi hiyo, alipe intaneti na bakshishi mapema, aikague bili kila jioni. Mwenye deni la zamani kwenye kadi, au anayejua mkono wake ni mwepesi: taslimu mapokezi, bakshishi ikiwa imeshalipwa. Asiye na njia nyingine ila kadi ya benki: akaunti ya pembeni, kama nilivyosema. Anayepanda meli ya yuro au pauni: kadi isiyo na ada ya sarafu, na akatae kubadilishiwa.

Na kuna mzazi aliyekuja kututembelea kutoka nyumbani, asiye na kadi yoyote. Safari ya tatu mama mkwe alikuwa nasi, chumba cha jirani. Wakati wa kujiandikisha tuliunganisha chumba chake na kadi yetu ya mkopo, kwa hiyo hakuhitaji kuweka chochote. Kadi yake hatukuifunga, tulimwekea kikomo kidogo cha siku ili akitaka kitu asilazimike kututafuta. Lakini nilimpa pia noti ishirini za dola moja kwenye kipochi chake, kwa sababu namjua. Kijana aliyetandika chumba chake kila siku alimwita "Mama" tangu siku ya pili, na usiku wa mwisho mama mkwe alimsubiri mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwachia noti zote zilizobaki.